Shajara ya mradi: ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe, Kiponda, inavyogeuzwa fleti ya kuuza

8 Januari 2023: Tulipo

Nyumba iko Kiponda, Mji Mkongwe, Unguja. Ni nyumba ya mawe ya ghorofa mbili juu ya duka, ya namna waliyojenga wafanyabiashara wa Kihindi karne ya 19: duka limeelekea mtaani, makaazi yako juu, mbele kuna roshani ya mbao na nyuma uwazi mwembamba wa kuingizia hewa na mwanga. Baba aliinunua miaka ya tisini, sasa ni ya warithi wanne. Chini tumepangisha duka la vitambaa. Ghorofa ya kwanza anaishi dada yetu mkubwa na watoto wake. Ya juu haikaliwi tena, kwa sababu dari linavuja na mwaka jana pande la lipu lilianguka usiku juu ya kitanda ambacho kwa bahati hakikuwa na mtu.

Paa na dari la juu vinataka fedha ambazo hatuna. Tukiifanya ghorofa ya juu kuwa fleti ya kisasa, yenye jiko lake, bafu lake na mita yake ya umeme, kisha tukaiuza, fedha ile itaokoa nyumba nzima na sisi tutabaki chini. Wapo waliotushauri tumuuzie yote mtu wa hoteli. Dada amekataa, nami niko naye. Mji Mkongwe unahitaji watu wanaoamka humo kila siku, wanaojua zamu ya maji na jina la mwenye duka la pembeni.

Bajeti tuliyokubaliana warithi ni shilingi milioni 70. Nitaandika kila hatua ikimalizika, na bei zake, kwa ajili ya familia nyingine zenye nyumba kama hii na wasiwasi kama wetu.

16 Februari 2023: Kibali

Mji Mkongwe uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kazi yoyote humu lazima ipitie Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Tulipeleka michoro ya nyumba ilivyo na itakavyokuwa, barua ya warithi wote wanne na barua ya sheha. Masharti tuliyopewa: sura ya mbele isiguswe, madirisha yabaki ya mbao na kwa vipimo vyake, kusiongezwe ghorofa, na lipu ya kuta iwe ya chokaa.

Anayetaka kuiga aanze na mchoro wa nyumba ilivyo, uliopimwa kwa mkono chumba kwa chumba. Kuta za nyumba hizi hazina pembe mraba hata moja, na mchoro wa kukisia utakugharimu baadaye. Mchoraji, mhandisi na ada: milioni 4.2.

4 Machi 2023: Kubandua saruji

Hatua hii ndiyo iliyotufundisha mradi wenyewe ni wa nini.

Kuta zina unene wa sentimita 55 hivi. Ndani ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, nje lipu ya chokaa. Mmiliki aliyetutangulia alizipiga kuta zote za ghorofa ya juu lipu ya saruji, na juu yake rangi ya mafuta. Kwa macho zilikuwa nzuri. Mafundi walipoanza kupiga tindo, saruji ilibanduka mapande makubwa kama sahani, na nyuma yake ukuta ulikuwa maji. Chokaa ya zamani imekuwa unga, na chumvi nyeupe imejaa kila ufa.

Sababu ni nyepesi kuieleza. Ukuta wa matumbawe hunywa maji: ya mvua, ya paa linalovuja, ya ardhini. Lipu ya chokaa ina vitundu, basi maji yaliyoingia hutoka tena kwa hewa. Saruji haipitishi. Maji yakiingia juu kwenye ufa hushuka ndani, hayana pa kutokea, huyeyusha udongo ulioshika mawe, na mwisho ukuta hutuna tumbo. Tulikuta tumbo moja upande wa ngazi, refu kuliko mtu. Pale tulisimamisha kazi siku ile ile tukaweka mirunda ghorofa zote mbili mpaka chini dukani, kabla ya kugusa jiwe jingine. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 wakati matengenezo yakiendelea, na watu walikufa. Aliyeuona mtaa wa Forodhani siku ile hafungui ukuta wa mawe bila kuushikilia.

Tumbo lilivunjwa kwa vipande vifupi kutoka chini kwenda juu, na kila kipande kilijengwa upya kabla ya kufungua cha pili. Mawe yale yale yalirudi ukutani.

Kifusi hakitoki kwa lori, vichochoro havina nafasi. Kilitoka kwa magunia na mikokoteni ya hamali hadi barabara kubwa, na hamali peke yao walichukua zaidi ya theluthi ya gharama ya hatua hii. Jumla: milioni 3.1.

25 Machi 2023: Boriti

Vyumba ni vyembamba, mita 2.8 hivi, kama vyumba vyote vya Mji Mkongwe, kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki mbali zaidi ya hapo kwa usalama. Katikati boriti zetu zilikuwa nzima na ngumu. Zimeoza kwenye ncha zilizoingia ukutani, yaani pale ambapo saruji ilifungia maji. Fundi mkuu alizipima moja moja kwa bisibisi: ikizama, boriti imekwisha.

Mhandisi wa kwanza tuliyemuuliza alipendekeza tung'oe zote tumwage zege lenye nondo. Tulikataa, na ninaandika sababu kwa sababu ushauri huu utaupata na wewe. Kwanza, kuingiza zege ukutani kunataka kuchimba mfereji mrefu kwenye ukuta ambao tayari umechoka. Pili, ukuta huu una chumvi na hewa ni ya bahari, nondo zitapata kutu, na chuma chenye kutu huvimba na kupasua kilichokizunguka. Boriti iliyooza unabadilisha moja. Slebu iliyopasuka unabadilisha yote.

Jaribio la kwanza lilikuwa kukata ncha mbovu na kuunga kipande kipya kwa boliti. Halikufaa: boriti ni mviringo na haina unene sawa, kiungo kilicheza, na fundi aliposimama juu lilisikika. Tukabadilisha boriti nzima pale penye ncha mbovu. Boriti nzuri za mkoko zinatoka Rufiji, zinavushwa kwa jahazi, na lazima ununue zenye karatasi za misitu. Ncha zote tulizipaka dawa ya mchwa, na kila ncha tukaiachia nafasi ya hewa kidogo ukutani badala ya kuizungushia chokaa ikabanwa.

Boriti, mirunda, mawe madogo na kupiga dari upya vyumba viwili: milioni 14.6. Tulikuwa tumekadiria 9. Masika yamekaribia, tunafunika na kusimama.

12 Juni 2023: Masika yaliyotuonesha

Tumetumia mvua kama mkaguzi. Kila iliponyesha nilipanda na tochi. Nilidhani maji yanapita kwenye matundu ya bati. Matundu yalikuwepo, lakini maji mengi yaliingia pale bati linapogusa ukuta wa jirani, ambapo mtu alijaza saruji miaka mingi nyuma. Bati hucheza kwa jua, saruji haichezi, ufa lazima uje. Tumeweka bati jipya, pale pa kugusa ukuta tumepinda ukanda wa madini ya risasi na kuuchomeka kwenye mstari wa chokaa, na milizamu imerefushwa imwage maji mbali na ukuta. Milioni 9.4.

19 Agosti 2023: Chokaa

Fundi mkuu wetu ni mzee aliyejifunza chokaa kwa baba yake. Alituambia mapema, “Wanangu, chokaa haina haraka. Mwenye haraka anunue saruji.” Tuliheshimu, ila mhandisi alitaka majaribio kwenye ukuta wa nyuma kabla ya kununua shehena, na mzee alikubali. Matokeo yalikuwa hivi.

Kipande cha kwanza: chokaa iliyozimwa karibuni, iliyonunuliwa ikiwa kwenye viroba. Wiki chache baadaye lipu ilianza kuruka vijipande, kama ndui. Jiwe la matumbawe huchomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 900 hivi, kisha chokaa mbichi huzimwa kwa maji. Punje zisizozimika vyema hukaa kimya ndani ya lipu, zikipata unyevu huvimba na kupasuka.

Kipande cha pili: chokaa iliyotiwa saruji kidogo “kuikazia”, pendekezo la fundi kijana. Ilikauka haraka, ikapendeza. Baada ya mwezi ukiigonga inatoa sauti ya utupu: imeachana na ukuta.

Kipande cha tatu: chokaa ambayo mzee aliizima mwezi Machi, akaichekecha na kuiacha shimoni chini ya maji. Ilikuwa laini kama siagi. Sehemu moja ya chokaa kwa mbili na nusu za mchanga uliooshwa maji baridi, maana mchanga wa pwani una chumvi. Hii haikuruka wala haikuachana.

Tulipoanza kuta zote, kusi lilituharibia chumba cha mbele: upepo na jua la dirishani vilikausha tabaka la kwanza kwa siku moja, likapasuka nyufa za nywele kila mahali. Chokaa hukaza kwa kuvuta tena hewa ya kaboni dioksaidi iliyoitoa motoni, na inahitaji unyevu ili ifanye hivyo. Tulilikwangua tabaka lile, tukaanza tena, tabaka zisizozidi sentimita moja na nusu, tukatundika magunia mabichi madirishani, na watoto wa dada wakawa wanayanyunyizia maji asubuhi na jioni. Kuanzia hapo kuta zilitulia.

Rangi ni chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, mikono mingi juu ya ukuta uliolowanishwa kwanza. Ikipakwa nzito huchafua nguo za anayeegemea, na mnunuzi wa fleti hatavumilia hilo. Chokaa, mchanga na ufundi: milioni 17.9, nyingi ikiwa ni siku za mafundi.

14 Oktoba 2023: Bafu, jiko na uzito wa maji

Nyumba hii ilijengwa kwa watu walioteka maji kwa ndoo. Fleti ya kisasa inaleta mamia ya lita kwa siku juu ya boriti, na naamini hapa ndipo nyumba nyingi zilizogeuzwa hoteli zinapoumia.

Mchoro wa kwanza uliweka bafu mbele, karibu na chumba kikubwa, kwa sababu wanunuzi wanapenda bafu la ndani. Chini yake ni chumba cha kulala cha dada. Mafundi walimwaga saruji nyembamba juu ya sakafu ya chokaa wakapanga vigae. Kabla ya kuweka choo tuliziba mifereji, tukajaza maji sakafuni, tukayaacha hadi kesho yake. Asubuhi dari la dada lilikuwa na doa kubwa. Sakafu ya boriti hunesa kidogo kila mtu anapopita, saruji hainesi, vigae vilikuwa vimeshaachana kwenye viungo. Milioni 2.3 zimekwenda hapo. Fanya jaribio hili la kujaza maji kabla hujaweka kitu chochote juu ya vigae.

Bafu limehamia nyuma, juu ya mahali palipokuwa choo tangu zamani, kando ya uwazi. Waliojenga walijua walichofanya: vyoo vyote viko mstari mmoja juu hadi chini, kwenye ukuta usiobeba roshani wala dari kubwa. Sakafu yake sasa ni kama sinia: mbao juu ya boriti, bodi ngumu, mpira wa kuzuia maji uliopanda ukutani, kisha vigae vidogo. Tulijaribu tena kwa maji, na dari la chini likabaki kavu. Jiko limewekwa ukuta wa pili wa uwazi huo huo, ili mabomba yote yashuke pamoja nje ya ukuta, wazi, yanayoonekana. Bomba lililofukiwa ndani ya ukuta wa matumbawe likivuja utajua ukuta ukishaoza.

Kuhusu tangi: lita 1,000 ni tani moja. Fundi bomba alitaka kuliweka juu ya dari kwa vile “kila mtu anaweka hapo”. Mhandisi alikataa, nasi tulimsikiliza. Tangi kubwa liko chini uwani na pampu, na juu kuna dogo la lita 200, lililokalia makutano ya kuta mbili nene, kwa ajili ya saa ambazo umeme umekatika. Jumla ya hatua, pamoja na bafu lililobomolewa: milioni 16.8.

2 Desemba 2023: Vuli la El Niño

Mvua za vuli mwaka huu zimekuja na El Niño na hazikufanya mchezo. Kuta zimelowa nje, na zimekauka zenyewe siku za jua. Nilizishika kwa kiganja kila asubuhi. Ni furaha ambayo siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hakuuona ukuta ule mwezi Machi.

Palivuja mahali pamoja: juu ya ukuta mfupi wa paani, ambapo tuliacha chokaa tupu bila kofia. Tumeutia mgongo wenye mteremko na kuusugua kwa jiwe ukiwa bado mbichi mpaka ukang'aa. Milioni 1.3.

27 Januari 2024: Umeme na viyoyozi

Waya zimepita kwenye paipu juu ya ukuta, zikifuata kona na mbao za madirisha. Hatukuchimba, kwa sababu mfereji wa waya uliozibwa saruji unarudisha ugonjwa ule ule.

Viyoyozi vilitupa kazi zaidi. Kiyoyozi kimoja katika joto la kaskazi hutoa lita nyingi za maji kwa siku, na ukitembea Shangani au Hurumzi utaona kijibomba kinachodondosha maji hayo kwenye ukuta wa mtu, na chini yake mstari wa kijani. Vyetu vinamwaga kwenye bomba la uwazi wa nyuma. Mafundi waliweka kijibomba bila mteremko wa kutosha, maji yakarudi ndani yakachafua chokaa ya chumba cha pili, ikabidi kiyoyozi kihamishiwe ukuta wa karibu na uwazi. Tumeweka viwili tu. Sebule ina madirisha pande mbili na feni, na ukuta wa nusu mita unaleta baridi yake wenyewe. Jumla milioni 11.5.

20 Aprili 2024: Mbao na sakafu

Milango, madirisha, kabati za jiko na roshani vimekwisha. Madaka ya ukutani yamebaki kama rafu na tumeyatia taa ndogo. Roshani ilipata nguzo mbili mpya, nyingine ni za asili. Milioni 13.2.

Jumla ya yote ni milioni 92.0. Tumezidi kwa 22, na kubwa katika hizo ni boriti na kazi ya chokaa. Wenye nyumba kama hii wakadirie hivyo vitu viwili mara moja na nusu ya wanavyoambiwa.

13 Julai 2024: Kuuza

Fleti: vyumba viwili, sebule, jiko, bafu, roshani, mita za mraba 85. Tuliitangaza kwa milioni 210.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa tayari, lakini benki yake ilitaka hati ya fleti yenyewe, nasi tulikuwa na hati ya nyumba nzima. Akasubiri, akachoka, akaondoka. Sheria ya kondominio ya Zanzibar ya mwaka 2010 inaruhusu sehemu ya jengo kumilikiwa peke yake huku ngazi, paa na kuta za nje zikiwa za wote, ila ramani ya mgawanyo lazima isajiliwe kwanza. Kazi hiyo inawezekana mafundi wakiwa bado juu, na ndiyo ningeshauri ifanywe wakati huo. Sisi tumeianza mwezi Mei.

Watazamaji wengi walivutiwa na madaka na roshani. Wachache waliuliza kuhusu paa. Hao walioliuliza ndio niliowapandisha juu nikawaonesha milizamu, mgongo wa ukuta na mabomba, na nikawapa shajara hii waisome nzima, pamoja na habari za bafu lililobomolewa.

9 Novemba 2024: Imeuzwa

Usajili umekamilika, na fleti imeuzwa kwa milioni 195 kwa mume na mke wa Kizanzibari waliokaa Maskati miaka mingi na wanaorejea na mama yao. Bibi yule alipanda ngazi polepole, akapapasa ukuta wa ukumbini, akasema, “Hii chokaa ya kweli.”

Mkataba una mambo matatu tuliyoyasimamia. Hakuna saruji wala rangi ya mafuta kwenye ukuta wowote. Hakuna bomba wala tangi jipya bila ya mhandisi kuona. Na kila kaya, ya kwetu na ya kwao, inatoa shilingi 60,000 kwa mwezi kwenye mfuko wa paa, duka likitoa 40,000. Mwanasheria alidhani mnunuzi atapinga la kwanza. Mume alisaini bila neno, kisha akaomba namba ya fundi mzee.

Baada ya kulipa deni la ujenzi na kutenga fungu la ghorofa ya kwanza, kilichobaki kimegawanywa kwa warithi kwa hisa zao za mirathi. Ghorofa ya kwanza bado ina saruji ukuta mmoja, upande wa jiko la dada. Chokaa yake ilizimwa Agosti. Tutaanza kubandua Januari, vuli likipita, na maingizo yake yatafuata hapa hapa.